Sheria ya bangi ikilegezwa, polisi hubaki na nini mkononi?

Mwaka 1977 jimbo la New York lilipitisha sheria iliyosema kwamba mtu akikutwa na bangi isiyozidi gramu 25, hilo si kosa la jinai tena. Anaandikiwa faini, anakwenda zake. Sharti lilikuwa moja: asiivute hadharani wala kuiweka mahali inapoonekana na watu. Ukiisoma sheria hiyo leo utadhani habari ya kukamata wavutaji wadogo New York iliisha enzi hizo. Kumbe mwaka 2011, miaka 34 baadaye, polisi wa Jiji la New York walikamata watu wapatao 50,000 kwa kukutwa na bangi kidogo.

Ilikuwaje? Askari wa doria anamsimamisha kijana, mara nyingi kijana mweusi au mwenye asili ya Amerika ya Kilatini, kwa maelezo kwamba mwenendo wake unatia shaka. Anamwambia, "Toa vilivyomo mfukoni." Kijana anatoa simu, anatoa funguo, anatoa na kikaratasi chenye bangi. Papo hapo bangi iliyokuwa imefichika imekuwa "hadharani", na kosa la faini limegeuka kosa la pingu. Aliyeifanya ionekane ni askari mwenyewe kwa amri yake. Malalamiko yalipozidi, Septemba 2011 Kamishna wa polisi wa jiji, Raymond Kelly, alitoa waraka wa kuwakumbusha askari kwamba bangi iliyotolewa mfukoni kwa amri yao haihesabiki kuwa imeonyeshwa hadharani. Waraka huo ulikuwa unawaeleza kilichokuwa kwenye sheria tangu 1977.

Mwaka huohuo polisi hao walisimamisha watu mitaani mara 685,724. Karibu tisa kati ya kila kumi waliachiwa bila kukamatwa wala kuandikiwa chochote. Hao ndio hawazungumzwi sana, kwa sababu hawaingii kwenye takwimu za mahakama. Lakini wanarudi nyumbani na kumbukumbu ya kuegemezwa ukutani mbele ya majirani, na kumbukumbu hiyo haihitaji hati ya mashtaka ili iishi.

Kisa cha New York kinaonyesha kwa nini mjadala wa bangi na polisi huwachanganya watu. Sheria inaweza kulegezwa na watu wakazidi kukamatwa. Katika nchi nyingi bangi imekuwa kwa polisi ufunguo zaidi ya kuwa kosa: ufunguo wa kufungulia mifuko, mabegi na milango ya magari. Kwa hiyo anayetaka kujua kama mageuzi ya sheria yatabadilisha maoni ya wananchi juu ya polisi, asiishie kusoma kifungu cha adhabu. Atafute ufunguo ule umebaki kwa nani.

Maswali matatu kwenye furushi moja

Watu wanapobishana kuhusu bangi huwa wanajibu maswali matatu kwa mpigo bila kujua. La kwanza: je, bangi inadhuru? La pili: je, jela na rekodi ya jinai ndiyo dawa ya madhara hayo? La tatu: je, tunawaamini polisi tulionao watekeleze katazo hilo kwa haki?

Swali la kwanza lina jibu lisilopendwa na pande zote mbili. Bangi inadhuru, ingawa si kwa kila mtu wala kwa kiwango kilekile. Wanaovuta kila siku bangi yenye THC nyingi, ile kemikali inayolevya, wanajiweka kwenye hatari kubwa zaidi ya saikosisi, ugonjwa wa akili wa kupotewa na uhalisia, hasa walioanza wakiwa vijana. Utegemezi upo. Dereva aliyevuta huchelewa kuitikia kilicho mbele yake. Anayesema ni mmea tu kwa hiyo haina shida amekuficha nusu ya habari. Na anayesema msokoto mmoja unampeleka mtu Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, naye amekuficha nusu nyingine.

Ila majibu ya maswali haya hayafuatani. Mzazi anaweza kuichukia bangi kabisa na bado akaunga mkono kuondolewa kwa jinai, kwa sababu anachoogopa zaidi usiku ni mwanawe kukutana na gari la polisi. Mvutaji naye anaweza kutaka polisi waongezwe mtaani kwake, maana wezi wamezidi. Takwimu za Gallup, shirika la kura za maoni nchini Marekani, zinaonyesha jinsi mambo haya yanavyokwenda kila moja kwa njia yake. Mwaka 1969 ni asilimia 12 tu ya Wamarekani waliotaka bangi ihalalishwe. Mwaka 2023 walikuwa asilimia 70. Imani kwa polisi ilikwenda kwa mwendo mwingine kabisa: ilikaa juu ya nusu kwa miongo, ikashuka hadi asilimia 48 katikati ya 2020 baada ya polisi kumuua George Floyd, Mmarekani mweusi, mara ya kwanza kuwa chini ya nusu tangu Gallup ianze kuuliza swali hilo. Katika kura hiyohiyo, asilimia 56 ya weupe walisema wana imani kubwa na polisi. Kwa weusi ilikuwa asilimia 19. Ukichukua wastani wa namba hizo mbili ukauita "maoni ya umma", utakuwa umeficha kitu chenyewe ulichokuwa unakitafuta.

Ngazi za kulegeza

Mfumo wa dunia bado unasimama juu ya Mkataba Mmoja wa Dawa za Kulevya wa mwaka 1961, ulioweka bangi kwenye orodha kali kabisa pamoja na heroini. Desemba 2020 Tume ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya iliiondoa bangi kwenye Orodha ya Nne, ile ya vitu vinavyodhaniwa kuwa na hatari kubwa na manufaa madogo ya tiba. Kura zilikuwa 27 kwa 25. Iliendelea kubaki Orodha ya Kwanza, ambayo nayo ni ya vitu vinavyodhibitiwa vikali, na kwa hiyo nchi inayohalalisha biashara yake kwa burudani bado inakwenda kinyume na mkataba huo. Hilo halijazizuia nchi kadhaa.

Kinachoitwa kwa jumla "kuhalalisha" kina ngazi zake, na kila ngazi inamwachia askari kitu tofauti. Uholanzi tangu 1976 imechagua kufumba jicho: duka lenye kibali linamuuzia mtu mzima hadi gramu tano bila kushtakiwa, ingawa kuuza kwenyewe ni kosa kwenye vitabu. Ajabu ni kwamba aliyelilimia duka hilo na kulipelekea mzigo aliendelea kuwa mhalifu. Mteja anaingia mlango wa mbele kwa amani, bidhaa inaingia wa nyuma kwa magendo. Ilibidi ifike Desemba 2023 ndipo majaribio ya kilimo halali kwa ajili ya maduka yakaanza, Breda na Tilburg kwanza.

Ureno ilichukua njia nyingine Julai 2001. Kukutwa na dawa yoyote ya kulevya ya matumizi ya siku kumi (kwa bangi ni gramu 25) kulitolewa kwenye jinai. Ni kosa bado, lakini la kiutawala. Polisi anakusimamisha, anakunyang'anya, anakuandikia, kisha unakwenda mbele ya jopo dogo la watu wa sheria, afya na ustawi wa jamii. Hapa ufunguo unabaki mkononi mwa askari kama zamani, ila mlango unaofunguliwa hauendi rumande. Watu wengi husema Ureno "ilihalalisha". Haikuhalalisha.

Afrika Kusini ina kisa chenye sura mbili. Gareth Prince, Mrastafari aliyesomea uanasheria, alinyimwa usajili kwa sababu alikuwa na makosa mawili ya kukutwa na bangi na alisema wazi kuwa imani yake haitamruhusu kuacha. Januari 2002 Mahakama ya Katiba ilimkatalia kwa majaji watano dhidi ya wanne. Miaka 16 baadaye, Septemba 2018, mahakama ileile, Prince akiwa miongoni mwa waliofungua shauri, iliamua kwa kauli moja kwamba mtu mzima kulima, kumiliki na kutumia bangi faraghani ni haki yake. Hoja iliyoshinda safari hii ilikuwa faragha badala ya dini. Lakini ukiisoma hukumu iliyoandikwa na Jaji Raymond Zondo kuna jambo linalopitwa haraka: mahakama haikutaja kiasi. Ilisema askari atazame mazingira yote, pamoja na wingi wa bangi, ndipo aone kama ana shaka ya msingi kwamba hiyo si ya matumizi binafsi. Haki ikatolewa Johannesburg, kipimo chake kikaachwa barabarani. Sheria ya Bunge yenyewe ilisainiwa na Rais Cyril Ramaphosa Mei 2024.

Ngazi ya juu ni soko lenyewe. Uruguay ilitangulia dunia nzima kwa sheria ya Desemba 2013 chini ya Rais José Mujica, huku kura za maoni zikionyesha wananchi wengi wakipinga. Kuna njia tatu za kuipata: kulima nyumbani hadi mimea sita, kujiunga na klabu, au kununua famasi hadi gramu 40 kwa mwezi. Njia zote tatu zinadai ujiandikishe kwa serikali. Hapo suala la imani linaingia kwa mlango usiotarajiwa, maana anayeona dola kama jicho la kumchunguza hatapeleka jina lake kwenye daftari la wavutaji hata aambiwe ni siri namna gani. Atabaki kwa muuzaji wake wa zamani. Kanada ilifuata tarehe 17 Oktoba 2018 bila daftari la aina hiyo: mtu mzima anabeba hadi gramu 30 na hakuna anayemuuliza.

Nani mvutaji, nani muuzaji

Brazil inastahili kutazamwa polepole, kwa sababu kosa la watunga sheria wake lilikuwa la nia njema. Sheria ya mwaka 2006 ilifuta kifungo kwa mtumiaji na kuongeza ukali kwa muuzaji, ambaye adhabu yake ni miaka 5 hadi 15. Ilisikika kama busara. Ila sheria haikusema mtumiaji anaishia gramu ngapi na muuzaji anaanzia wapi. Ilisema hakimu atazame kiasi, mahali, mazingira, na hali ya kijamii na binafsi ya mtuhumiwa.

Hali ya kijamii na binafsi! Wa kwanza kuitazama hali hiyo ni polisi aliyemkuta mtu, maana ndiye anayeandika taarifa ya kwanza. Kijana wa mtaa wa kitajiri akikutwa na gramu 30 kwenye begi la chuo, ni mvutaji. Kijana mweusi wa mtaa wa mabanda akikutwa na kiasi hichohicho, mtaa wenyewe unakuwa ushahidi: eneo linajulikana kwa biashara hiyo, alikuwa amesimama kona, alionekana kuwa na wasiwasi. Magereza ya Brazil yalijaa watu wa namna hii katika miaka iliyofuata. Shauri lililofika Mahakama Kuu ya Shirikisho lilitokana na mfungwa wa Diadema, jimbo la São Paulo, aliyekutwa na gramu tatu kwenye seli. Majaji walianza kulijadili 2015, wakalimaliza Juni 2024. Jaji Alexandre de Moraes aliwaonyesha wenzake data za São Paulo: weusi, vijana na wasio na elimu walihesabiwa kuwa wauzaji kwa kiasi kidogo kuliko weupe, watu wazima na wasomi. Mahakama ikaweka mstari: hadi gramu 40 au mimea sita ya kike, mtu anachukuliwa kuwa mtumiaji.

Hata mstari huo una mlango wa pembeni. Polisi bado anaweza kumfungulia mtu shauri la kuuza akiwa na pungufu ya gramu 40, endapo kuna mizani, bangi imefungwa kwa vipimo vya kuuzia, au kuna orodha ya wateja kwenye simu. Tofauti ni kwamba sasa askari ndiye anayepaswa kueleza, na kueleza kwa vitu vinavyoshikika. Kwangu mimi hilo ndilo badiliko kubwa zaidi katika hukumu yote, kubwa kuliko namba 40 yenyewe.

Pua ya askari

Julai 2016, kitongoji cha Falcon Heights, Minnesota. Polisi anasimamisha gari la Philando Castile, mfanyakazi wa kantini ya shule. Ndani wamo mpenzi wake na binti wa huyo mpenzi, mtoto wa miaka minne. Castile anamwambia askari kwa upole kwamba ana bastola aliyoimiliki kihalali. Sekunde chache baadaye askari amefyatua risasi saba, tano zimempata, naye akafa. Askari huyo, Jeronimo Yanez, alipohojiwa na wachunguzi alieleza kwamba alisikia harufu ya bangi, na akawaza kuwa mtu asiyejali kuvuta mbele ya mtoto hatajali maisha ya askari. Baraza la mahakama lilimwachia huru Juni 2017. Harufu ilikuwa imetumika kujengea tabia nzima ya mtu asiyefahamika.

Harufu ina sifa moja inayowavutia polisi na kuwaudhi mawakili: haiachi alama. Bangi ikikutwa, askari alikuwa sahihi. Isipokutwa, basi ilikuwa imeshavutwa. Hakuna kamera inayorekodi harufu. London, Desemba 2020, msichana mweusi wa miaka 15 alifanyiwa upekuzi wa kuvuliwa nguo na polisi shuleni kwake Hackney, walimu wakiwa wamesema ananuka bangi. Hakukutwa na kitu. Wakati huo mwongozo wa Chuo cha Polisi cha Uingereza ulikuwa tayari unasema harufu ya bangi peke yake kwa kawaida haitoshi kuhalalisha upekuzi wa mtu.

Panapofuka moshi pana moto, walisema wahenga. Swali lililofika mahakamani kila sheria ilipolegezwa ni kama moshi wa kitu kilichoruhusiwa unaweza kuwa ushahidi wa kosa. Massachusetts ilijibu mapema, 2011: kwa kuwa kiasi kidogo si jinai tena, harufu ya bangi iliyovutwa peke yake haimpi askari haki ya kumshusha mtu garini. New York ilipohalalisha Machi 2021 iliandika jambo hilo ndani ya sheria yenyewe. Minnesota, jimbo la Castile, ilihalalisha 2023, na Septemba mwaka huo Mahakama Kuu yake ikasema harufu pekee haitoshi kupekua gari.

Illinois imefika mahali pa kuchekesha kidogo. Septemba 2024 Mahakama Kuu ya jimbo iliamua kwamba harufu ya bangi iliyochomwa haitoshi kupekua gari. Desemba mwaka huohuo ikaamua kwamba harufu ya bangi mbichi inatosha. Sababu yake ipo kisheria: kubeba bangi garini kunahitaji chombo kisichopitisha harufu, kwa hiyo harufu mbichi ni dalili kuwa sharti limevunjwa. Lakini matokeo yake ni kwamba dereva mwenye nguo zinazonuka moshi yuko salama kuliko abiria aliyetoka dukani na mfuko ambao haukufungwa vizuri, na yote mawili yanategemea pua ya askari kutofautisha, usiku, dirisha likiwa nusu wazi.

Na mbwa je? Colorado kulikuwa na mbwa wa polisi aitwaye Kilo, aliyefunzwa kunusa bangi pamoja na kokeini, heroini na dawa nyingine. Akinusa anatoa ishara ileile kwa kila kitu. Hawezi kusema ni kipi. Baada ya bangi kuruhusiwa, ishara ya Kilo ingeweza kumaanisha tu kwamba mtu mzima amebeba kitu chake halali. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Colorado ikaamua kwamba kumnusisha gari mbwa wa aina hiyo ni upekuzi kamili, na polisi lazima wawe na sababu za msingi kabla hajashuka garini. Idara nyingi ziliwastaafisha mbwa wao na kufunza wapya wasioijua bangi.

Namba zinashuka, pengo linabaki

Kwa kipimo cha kukamatwa, mageuzi yanafanya kazi, na anayekataa hilo hajatazama takwimu. Marekani mwaka 2007 kulikuwa na watu zaidi ya 870,000 waliokamatwa kwa bangi. Kufikia 2023 walikuwa zaidi kidogo ya 200,000. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walikusanya rekodi za karibu mara milioni 100 ambazo polisi wa Marekani walisimamisha magari, wakachapisha matokeo 2020. Colorado na Washington, majimbo mawili yaliyopiga kura ya kuhalalisha 2012, upekuzi ulishuka sana kwa madereva wa rangi zote.

Ila madereva weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini waliendelea kupekuliwa zaidi ya weupe, na kwa shaka nyepesi zaidi. Shirika la haki za kiraia la ACLU lilipopima 2010, mweusi alikuwa na uwezekano mara 3.73 wa kukamatwa kwa kumiliki bangi kuliko mweupe, ingawa makundi hayo hutumia kwa viwango vinavyokaribiana. Lilipopima tena kwa data za 2018, majimbo kadhaa yakiwa yamehalalisha, ilikuwa mara 3.64. Ni watu wachache zaidi wanaokamatwa, lakini ni walewale.

Hapa ndipo utafiti wa zamani wa mwanasaikolojia Tom Tyler unaposaidia. Mwaka 1984 alihoji wakazi 1,575 wa Chicago kuhusu sheria na wanaoitekeleza. Alichokuta ni kwamba watu hutii sheria zaidi wanapoona mamlaka ni halali machoni pao, na wanaiona hivyo kwa kadiri wanavyotendewa: kama walisikilizwa, kama walielezwa sababu, kama waliheshimiwa. Woga wa adhabu ulikuwa na uzito mdogo kuliko polisi wengi wanavyodhani. Kwa hiyo kupunguza idadi ya wanaokamatwa kunapunguza mikutano mibaya, na hiyo ni faida kubwa. Mikutano inayobaki, kama bado ni ya kuamrishwa na kudharauliwa, inaendelea kujenga maoni yaleyale.

Kuhusu polisi kupata muda wa makosa mazito, ushahidi umegawanyika. Jaribio la Lambeth, London, chini ya Kamanda Brian Paddick kuanzia Julai 2001, lilitaka askari wa Brixton wamnyang'anye mvutaji bangi na kumpa onyo badala ya kumkamata. Wachumi waliolichunguza baadaye walikuta polisi walihamishia nguvu kwenye makosa mengine na baadhi ya makosa hayo yakapungua. Walikuta pia makosa ya bangi yakiongezeka eneo hilo, kwa sababu wateja walianza kutoka mitaa jirani ambako sheria ilikuwa bado kali. Ukilegeza kisiwa kimoja, mashua zote zitatia nanga hapo.

Hasira ya upande wa pili

Kuna wananchi wanaopoteza imani na polisi kwa sababu iliyo kinyume kabisa: wanaona sheria haitekelezwi. Watetezi wa mageuzi hupenda kuwapuuza watu hawa, na ni kosa. New York ilihalalisha Machi 2021 lakini duka la kwanza lenye leseni lilifunguliwa mwisho wa Desemba 2022. Katika pengo hilo yalichipuka maduka yasiyo na leseni, yakafika zaidi ya elfu moja kwa makadirio ya maofisa wa jiji, mengine karibu na shule. Mwenye leseni aliyesubiri na kulipa kodi alishindana na jirani asiyelipa chochote, na polisi hawakuwa na uwezo wa haraka wa kuyafunga hadi sheria ilipobadilishwa 2024. Thailand iliiondoa bangi kwenye orodha ya dawa za kulevya Juni 2022 kabla ya kutunga kanuni za kutosha za biashara yake. Juni 2025 serikali ikarudi nyuma na kudai cheti cha daktari. New Zealand ilipopiga kura ya maoni 2020, waliokataa walikuwa asilimia 50.7 na waliokubali 48.4, tofauti isiyofika kura 70,000.

Ujerumani ilijaribu kuwaridhisha wote kuanzia tarehe 1 Aprili 2024: gramu 25 hadharani, 50 nyumbani, mimea mitatu. Lakini usivute mbele ya watoto, wala ndani ya upeo wa macho hadi mita 100 kutoka shule au uwanja wa michezo ya watoto, wala mitaa ya waenda kwa miguu kati ya saa moja asubuhi na saa mbili usiku. Vyama vya polisi vililalamika kwamba vimepewa kazi ya kupima mita. Na kila sharti la namna hii, hata likiwa na nia njema, linampa askari sababu mpya ya kumkaribia mtu. Zaidi ya hapo, haki ya kuvuta "nyumbani" ni haki ya mwenye nyumba. Washington D.C., mji mkuu wa Marekani, bangi iliruhusiwa 2015, lakini anayeishi kwenye nyumba za umma zinazofadhiliwa na serikali kuu hawezi kuvutia ndani bila kuhatarisha upangaji wake. Akitoka nje, kuvuta hadharani ni kosa. Wanaoishi kwenye nyumba hizo wengi ni weusi na maskini.

Rekodi za jana

Aliyekamatwa New York 2011 kwa kutii amri ya kutoa vilivyomo mfukoni aliendelea kuulizwa kuhusu tukio hilo alipoomba kazi, nyumba na leseni. Sheria ya 2021 iliagiza rekodi za makosa yaliyokoma kuwa makosa zifutwe zenyewe, bila mhusika kufungua shauri. Ujerumani nayo iliagiza waliofungwa kwa kilichoruhusiwa sasa wasamehewe sehemu iliyobaki, na waendesha mashtaka wakalazimika kupitia majalada zaidi ya 200,000 kwa mkono, moja moja.

Si kila msamaha unafika mbali hivyo. Oktoba 2022 Rais Joe Biden aliwasamehe raia na wakazi wa kudumu waliotiwa hatiani katika mahakama za serikali kuu kwa kumiliki bangi tu, watu wapatao 6,500. Habari ilienea dunia nzima. Hakuna hata mmoja aliyetoka gerezani kwa tangazo hilo, kwa sababu wakati huo hakukuwa na mfungwa wa serikali kuu aliyekuwa ndani kwa kosa hilo peke yake. Wengi wa walioko ndani na wenye rekodi walihukumiwa na majimbo, ambako rais hana mamlaka ya kusamehe. Na msamaha wenyewe haufuti rekodi: askari anayeingiza jina la mtu kwenye mfumo bado anaona kwamba aliwahi kutiwa hatiani, na pembeni yake, kama taarifa imeshaingizwa, kwamba alisamehewa.